Hata stelingi huumia mgongo

Mwezi uliopita aliingia kliniki baba mmoja wa miaka 44, akitembea ameinama upande kama mtu aliyebeba ndoo ya maji. Nilipomuuliza kimetokea nini, alisita, akacheka kidogo, kisha akasema, "Dokta, ni Bruce Lee." Kijana wake alikuwa amemwonyesha kwenye simu vipande vya filamu za zamani, na usiku huo akahisi ujana umerudi. Alfajiri alikuwa uani akirusha mateke ya juu. Siku ya tatu akaongeza kunyanyua ndoo mbili za mchanga. Siku ya nne hakuweza kuinuka kitandani.

Sikumcheka. Sisi tuliokua miaka ya 1980 na 1990 tunajua nguvu ya filamu hizo. Ukitoka kwenye banda la video kila mtoto wa mtaa alikuwa stelingi, anapiga kelele na kurusha ngumi hewani hadi mama amwite ndani. Na kama daktari nasema wazi: yeyote anayeweza kumwondoa mtu wa miaka 40 na kitu kwenye kochi, awe Bruce Lee, Jackie Chan au Michelle Yeoh, amefanya kazi iliyonishinda mimi na vipeperushi vyangu. Wagonjwa wa presha na kisukari nawaeleza habari za mazoezi kila siku. Wanaitikia, wanaondoka, wanarudi baada ya miezi mitatu na kitambi kilekile. Hakuna aliyewahi kutoka chumbani kwangu akirusha mateke.

Kwa hiyo sina ugomvi na hao wanaotuhamasisha. Ninachokilalamikia ni kwamba filamu hutuonyesha dakika tatu za pigano na kutuficha miaka iliyotangulia, pamoja na majeraha yake.

Mchukue Bruce Lee mwenyewe. Alianza kujifunza kung fu Hong Kong akiwa bado kijana wa shule, na hakuacha. Mwaka 1970, akiwa na miaka 29 na mwili ambao wengi wetu tunauona kwenye picha tu, alibeba chuma mabegani akawa anainama mbele na kuinuka, zoezi alilokuwa amelizoea. Inasimuliwa kwamba siku hiyo hakupasha mwili moto. Mgongo uliumia vibaya, na mshipa wa fahamu wa sehemu ya chini ukaathirika. Madaktari walimwambia asitegemee kurusha mateke tena. Alipumzika kwa miezi, muda mwingi kitandani, akijaza madaftari kwa maandishi kuhusu mapigano. Filamu zilizompa umaarufu mkubwa, kuanzia The Big Boss ya mwaka 1971, alizicheza baada ya hapo, na maumivu ya mgongo hayakumwacha kabisa.

(Leo tusingemlaza mgonjwa kitandani muda wote huo. Maumivu mengi ya kawaida ya mgongo hupona vizuri zaidi mtu akiendelea kutembea kadiri anavyoweza. Nasema hivi kwa sababu wapo wanaokaa mwezi mzima wamelala wakisubiri mgongo "utulie".)

Sasa jiulize, msomaji wangu: kama mwili ule uliumia kwa zoezi la kila siku, wako uliokaa ofisini au kwenye bodaboda miaka 15 utafanyaje siku ya kwanza? Moyo na misuli huanza kuzoea mazoezi ndani ya wiki chache. Kano, zile kamba ngumu zinazoshikisha misuli kwenye mifupa, huchelewa sana. Ndiyo maana wengi huumia wiki ya nne au ya tano, pale wanapojisikia wako imara na kuongeza kasi.

Jackie Chan angalau ni mkweli. Mwishoni mwa filamu zake nyingi huweka vile vipande vilivyoharibika: anaanguka, anabebwa, anafungwa bandeji. Akirekodi Armour of God alianguka kutoka kwenye mti na kupasuka fuvu la kichwa. Msizime televisheni kabla ya sehemu hiyo, hasa mkiwa na watoto.

Na wanawake wenzangu mnaosema mmechelewa, Michelle Yeoh hakuanzia kwenye kareti. Alisomea dansi ya baleti Uingereza, akaumia mgongo, ndoto hiyo ikafa, ndipo baadaye akaingia kwenye filamu za mapigano.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na siku mbili za kuimarisha misuli. Kutembea kwa haraka nusu saa, siku tano, kunatosha kuanzia. Fanya hivyo mwezi mmoja kwanza, ndipo utafute klabu ya kareti au judo. Ukifika, mtazame mwalimu. Anayeanza kwa kupasha mwili na kukufundisha namna ya kuanguka, baki naye. Anayekupambanisha siku ya kwanza, mkimbie. Ukipigwa kichwani ukasikia kizunguzungu, umemaliza kwa siku hiyo, na ukitapika au kuchanganyikiwa nenda hospitali. Aliyevuka miaka 40, mwenye presha, kisukari au anayevuta sigara, apimwe kabla ya kuanza. Wazee wasijione wametengwa: tai chi, ile ya mwendo wa polepole, imethibitika kupunguza kuanguka.

Dalili mbili zisisubiri asubuhi. Ya kwanza ni mkojo wa rangi ya chai ya rangi baada ya mazoezi makali, kwani misuli iliyovunjika inaweza kuziua figo. Ya pili ni maumivu ya mgongo yanayoambatana na ganzi sehemu za siri, au kushindwa kukojoa au kuzuia mkojo.

Mgonjwa wangu hakuwa na hayo. Nilipompima, presha yake ilikuwa 160 kwa 100, naye hakuwa akijua. Ameanza dawa, na kila jioni anatembea na kijana wake hadi sokoni na kurudi. Ameshaniuliza mara mbili lini ataruhusiwa kurusha teke. Nimemjibu tuanze na la chini, usawa wa goti, mwezi ujao.