Elimu ya Nyumbani: Kisanduku Kisichojua Kulala

Mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi khabari ya kitu kidogo ambacho siku hizi kimekaa katika nyumba nyingi za hapa Singida Mjini, tokea Ipembe na Majengo hadi Utemini na Mandewa, na ambacho ni wachache wakitazamao mara ya pili wakisha kukiweka juu ya kabati. Kitu hicho ni ruta, yaani kile kisanduku chenye vitaa vidogo kinachopokea intaneti kutoka nje, ama kwa waya ama kwa laini ya simu, kisha kikaigawa humo nyumbani kwa waifai. Jamaa kadhaa wametuuliza: Je, kisanduku hiki hula umeme usiku, wakati sote tumelala? Na ikiwa hula, yafaa tukizime, au kukizima ni kukiharibu? Katika baadhi ya nyumba jambo hili limekuwa mvutano: baba huchomoa plagi kila usiku, na kijana huirudisha kila baba ageukapo. Basi tumeona ni vema tulieleze kwa hesabu, ili mwenye kuzima ajue anazima nini, na mwenye kuacha ajue anaacha nini.

Jibu la swali la kwanza ni kwamba hula, tena usiku hula karibu sawasawa na mchana. Mtu aweza kustaajabu, kwani tumezoea kuwa kitu kisichofanya kazi hakili: cherehani isiposhona haimalizi uzi, na pikipiki iliyozimwa haimalizi mafuta. Ruta si hivyo. Mfano wake ni mlinzi wa lango: wageni waje au wasije, yeye yu macho vilevile, na ujira wake ni uleule. Kila sekunde moja hutangaza jina lake hewani kiasi cha mara kumi, ili simu yoyote iliyo karibu ijue kuwa ipo. Kwa upande wa pili huendelea kushikana na mnara wa simu, au na waya uletao intaneti, asije akatokea mtu akakuta njia imefungwa. Na ule ubongo wake mdogo huwa tayari wakati wote. Kazi hizi za kungojea ndizo zilazo sehemu kubwa ya umeme wake, wala si zile picha na sauti tuzipitishazo mchana.

Huenda kijana akauliza: Mbona simu yangu hulala, na ruta hailali? Hapa pana jambo ambalo yafaa kila mtu alijue. Kanuni za kwanza za waifai zilitolewa mwaka 1997 na chama cha wahandisi kiitwacho IEEE. Tangu mwanzo kanuni hizo zilikiruhusu chombo kinachobebwa, chenye betri, kusinzia kwa vipande vidogo vya sekunde ili kuihifadhi betri yake. Wakati kimesinzia, ujumbe wake hushikwa na ruta, kama vile mwenye duka amshikiapo jirani mzigo wake. Kisha ruta, katika lile tangazo lake, husema kuwa fulani ana mzigo, naye huamka akauchukua. Basi simu yapata usingizi kwa sababu ruta inakesha. Mpango huo ulikuwa wa busara, kwani ruta ilidhaniwa imechomekwa ukutani, mahali ambapo umeme haukatiki wala haupungui. Haukutazamia nyumba ambayo ruta yenyewe inaishi kwa betri. Na nyumba za namna hiyo ndizo tulizo nazo wengi katika nchi zetu.

Si kwamba wataalamu hawakuliona jambo hili. Mwaka 2003 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Portland State huko Marekani, Maruti Gupta na Suresh Singh, waliandika makala juu ya umeme unaoliwa na mitambo ya intaneti, wakaonyesha kuwa yafaa sehemu zake zilazwe wakati hapana kazi. Mwaka 2010 IEEE ikapitisha kanuni nyingine, iitwayo 802.3az, inayoyaruhusu matundu ya waya ya mitambo hiyo kusinzia baina ya ujumbe mmoja na mwingine. Nao Umoja wa Ulaya, kwa sheria ya mwaka 2013, ukaamuru kwamba ruta zinazouzwa huko, zikiwa katika hali ya kungojea tu, zisile zaidi ya wati 12 kuanzia Januari 2015, na zisizidi wati 8 kuanzia Januari 2017. Sheria hiyo ni ya kwao, wala haimlazimu mwenye duka wa huku. Lakini yatupa kipimo. Kwa hiyo wati 8 ndizo tutakazozitumia katika hesabu zetu. Mwenye kutaka kukisia ya ruta yake na asome maandishi ya adapta. Akiona volti 12 na ampea 1, na azidishe. Atapata wati 12. Hicho ndicho kikomo cha adapta, na aghalabu ruta hula chini ya hapo.

Haya, tuhesabu. Wati 8 kwa saa 24 ni wati-saa 192. Kwa siku 30 ni wati-saa 5,760, nazo ni karibu uniti 6 za LUKU. Kwa mwaka mzima ni uniti 70. Bei zilizotangazwa na EWURA mwaka 2016 zilimwekea mteja mdogo wa nyumbani, wa daraja la D1, shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti izidiyo hapo, kodi mbali. Kwa hiyo ruta isiyolala hula kwa mwaka karibu fungu zima la mwezi mmoja la nyumba kama hiyo.

Hata hivyo hatupendi kumtia msomaji khofu pasipo sababu. Ruta ikizimwa saa nane kila usiku, tokea saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, zitakazookoka kwa mwezi ni kama uniti 2, nazo kwa bei hizo hazifiki shilingi 200 kwa ile ya chini, wala hazifiki shilingi 700 kwa ile ya juu. Pasi ya umeme ya wati 1,000 hula uniti nzima kwa saa moja tu. Basi baba anayechomoa ruta kwa uchungu wa LUKU, na huku nguo za nyumba nzima zapigwa pasi moja moja kila asubuhi, ameshika mkia akamwacha ng'ombe. Katika hili vijana wana haki ya kumweleza mzazi, ila kwa adabu. Mwenye nyumba ya LUKU na aanze kwa pasi, jiko na friji, kisha ndipo aje kwenye ruta.

Lakini hukumu hubadilika tukitoka katika nyumba ya LUKU tukaingia katika nyumba ya sola. Pembezoni mwa mji, na katika vijiji vinavyouzunguka, wako watu wanaotegemea jua. Na jua la Singida, alhamdulillahi, si haba. Hata mjini wako waliojiwekea betri ya akiba. Ni kweli kuwa mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ulianza kutoa umeme Februari 2024, lakini mgawo wa umeme wa mwisho wa mwaka 2023 na mwanzo wa 2024 haujasahaulika.

Tuchukue betri ya kawaida ya risasi na asidi, ya volti 12 na ampea-saa 20. Betri hiyo hubeba wati-saa 240, lakini mwenye kuitaka idumu haishushi chini ya nusu. Basi za kutumia ni 120. Ruta ya wati 8 ikikaa macho tokea saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi itakula wati-saa 96. Zitabaki 24, na kwa hizo taa ya wati 5 haiwaki hata saa tano. Sasa ilaze ruta hiyohiyo saa 4 usiku: itakula 32 tu, zitabaki 88, na taa ileile yaweza kuwaka zaidi ya saa 17. Hapo hatuzungumzi tena khabari ya shilingi mia mbili. Twazungumza khabari ya kuwa na taa au kukaa gizani. Mama anayeamka kuandaa daku katika Ramadhani, mwanafunzi adurusuye kabla ya kwenda shule, mzazi aliyeshikwa na mtoto mgonjwa usiku wa manane, wote hao hunyang'anyana betri moja na kisanduku ambacho saa hiyo hakimtumikii mtu yeyote. Dini yetu imetukataza israfu, na wengi wetu hudhani israfu ni ya wenye mali. Lakini kidogo kipoteacho bure, hali ya kuwa aliye chumba cha pili anakihitaji, nacho ni israfu.

Na mwenye kuiwasha ruta kwa kupitia inveta ajue kuwa inveta nayo hula chakula chake, hata mzigo wake ukiwa mdogo. Ruta nyingi hutumia volti 12, hivyo fundi mjuzi aweza kuiunganisha na betri pasipo inveta, kwa kifaa cha kuituliza volti. Tumesema fundi mjuzi, wala hatukusema kijana mwenye bisibisi.

Sasa tuzitaje njia za kukilaza kisanduku, nazo ni tatu.

Ya kwanza ni swichi ya soketi. Hii ndiyo iokoayo yote, nayo haitaki elimu. Kuizima ruta mara moja kila usiku kwa utaratibu hakuiharibu. La kuchungwa zaidi ni ule umeme urudio kwa kishindo baada ya kukatika, na aliyekwisha kuzima huwa amesalimika nao.

Ya pili ni ratiba iliyo ndani ya ruta yenyewe. Ruta nyingi zina mahali pa kupanga saa ya waifai kuzimika na saa ya kuwaka. Anwani ya ukurasa wa mipangilio aghalabu imeandikwa chini au nyuma ya kisanduku, na kijana wa nyumbani aweza kuufungua kwa simu yake. Ila ijulikane kwamba ratiba hii huizima redio tu. Ubongo na waya huendelea kula. Kwa mwenye betri ndogo, swichi ni bora kuliko ratiba.

Ya tatu ni ya wale wenye maifai, ile ruta ndogo ya kutia mfukoni. Hii ilitengenezwa kwa betri tangu mwanzo, na kwa hiyo nyingi katika hizo zinajua kulala: zikikaa dakika kadhaa pasipo simu iliyoungana nazo, huzima waifai zenyewe, na huamka zikibonyezwa kitufe. Wengi hukasirishwa na usingizi huo, wakaenda kuuondoa katika mipangilio, kisha wakalalamika kuwa betri haikai. Na wauache. Wakumbuke pia kwamba simu moja iliyosahauliwa chumbani, ikiwa bado imeungana na maifai, yatosha kuikesheza usiku kucha.

Zimebaki tahadhari. Ruta ikizimwa, simu ambayo data yake iko wazi huhamia katika bando, na ikiwa ilikuwa ikipakua kitu, huenda ikalimaliza bando hilo kabla ya alfajiri. Mtu ataokoa umeme wa mia mbili akapoteza bando la elfu mbili. Basi anayezima ruta na azime na data. Pili, ikiwa nyumba ina kamera ya ulinzi au kitu kingine kinachotegemea intaneti usiku, ruta yake inayo kazi, nayo iachwe. Tatu, wenye wazee au wagonjwa mbali wasikhofu, kwani simu ya kawaida ipitayo kwenye laini haitegemei ruta. Ni zile simu za kupigiana kwa intaneti tu zitakazongoja asubuhi. Na asubuhi ruta ipewe dakika chache kuamka, asije mtu akadhani imekufa akaanza kubonyeza kila kitufe.

Lililo bora kuliko yote ni shauri. Baba, mama na vijana na wakae jioni moja, waulizane: Nani huhitaji intaneti baada ya saa 4 usiku, na kwa kazi gani? Kijana mwenye mtihani au somo la usiku na apewe usiku wake, na atwikwe amana ya kuizima ruta amalizapo. Nyumba isiyo na haja hiyo na iweke saa yake, na mmoja akabidhiwe swichi, kama vile mmoja akabidhiwavyo ufunguo wa mlango. Hapo haitakuwa tena khabari ya mmoja kuchomoa na mwingine kuchomeka, bali utakuwa utaratibu wa nyumba ambao kila mtu ajua sababu yake.