Gemu la mtu mwenye dakika 40

Alikuja kliniki Jumatatu asubuhi, mwalimu wa sekondari anayeishi Miembeni hapa Bukoba, miaka 38, akilalamikia kichwa kinachouma tangu anapoamka. Presha yake ilikuwa 152 kwa 96. Nikasubiri dakika tano, nikapima tena, ikagoma kushuka. Nilipomuuliza analala saa ngapi, alitazama sakafu kwanza.

"Saa nane, Daktari. Siku nyingine saa tisa."

Na saa 1 asubuhi anatakiwa awe mstarini na wanafunzi. Nikahisi ni pombe, au yale mambo mengine ambayo wanaume hawapendi kumwambia daktari. Haikuwa hivyo. Mwalimu anacheza gemu kwenye simu.

(Kisa hiki amenikubalia nikiandike, nami nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike.)

Gemu lake si la mpira wala la magari. Ni lile la mtandaoni ambalo unachagua mhusika, askari au mchawi au mpiga mishale, unamkuza ngazi kwa ngazi ndani ya ulimwengu mmoja na maelfu ya watu wengine. Mwalimu alikuwa kwenye kikosi cha watu kumi, wengi wao Ulaya. Walikuwa wakikutana saa 2 usiku kwa saa za London. Kipindi cha baridi kwao, hiyo ni saa 5 usiku Bukoba. Mapambano yanachukua saa tatu. Piga hesabu mwenyewe.

Ili akeshe vizuri, alikuwa akitafuna kahawa. Wasomaji wa Kagera wanaijua, ile kahawa iliyochemshwa na kukaushwa ambayo mgeni hukaribishwa nayo. Ni desturi nzuri. Lakini kwa watu wengi nusu ya kafeini huwa bado imo mwilini saa tano hivi baadaye, kwa hiyo anayeitafuna saa 4 usiku anaamka nayo.

Nikafanya kile ambacho madaktari wengi tungefanya. Nikamwandikia dawa ya presha, nikamwambia apunguze chumvi, na nikamwambia afute lile gemu. "Waitu Daktari, nitalifuta," akasema, na wote wawili tuliridhika.

Hakurudi kliniki kwa miezi minne. Aliporudi presha ilikuwa imepanda zaidi, dawa zilikuwa zimekwisha siku nyingi. Alikuwa amelifuta gemu kweli, akakaa siku tisa, akalirudisha. Baada ya hapo aliona aibu kuja kunitazama usoni. Yaani ushauri wangu ulimpotezea miezi minne ya matibabu, na kosa hilo ni langu.

Safari hii nikakaa nikamsikiliza. Mke wake anafunga duka saa 3 usiku. Watoto wanalala saa 2 na kitu. Katikati hapo ana dakika 40 za kwake, na siku nzima hana nyingine. Nikamuuliza kwa nini basi dakika 40 zinageuka saa tatu. Jibu lake halimo katika vitabu nilivyosoma chuoni. Kwenye kikosi yeye ndiye mtibabu, anayewaponya wenzake wakijeruhiwa. Asipokuwepo, wengine tisa hawawezi kwenda. "Siku nyingine wala sina hamu ya kucheza, Daktari. Lakini watu wananisubiri."

Mimi ni mtu wa zamu, nikamwelewa mara moja. Huyu hakuwa anacheza tena. Alikuwa na kazi ya pili ya usiku, isiyo na mshahara.

Shirika la Afya Duniani liliutambua ugonjwa wa kucheza magemu katika orodha ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Vigezo vyake ni vikali, na inafaa vijulikane kwa sababu siku hizi kila mtoto anayeshika simu anaitwa mgonjwa. Mtu awe ameshindwa kujizuia, gemu liwe limepita mambo mengine yote maishani mwake, aendelee hata akiona madhara, na maisha yake ya nyumbani, kazini au shuleni yawe yameharibika waziwazi. Kwa kawaida hali hiyo iwe imeonekana kwa miezi 12 hivi. Mwalimu wangu hajawahi kukosa kipindi. Pesa ya nyumbani haikuguswa. Kwa maoni yangu hakuwa na ugonjwa huo. Alikuwa na gemu lisilolingana na maisha yake, kama mtu mwenye mguu namba 43 aliyevaa kiatu namba 40.

Kwa hiyo swali la kitabibu likawa hili: mtu mzima mwenye dakika 40 acheze nini? Najua kuna mwenzangu atacheka kusikia daktari anahangaika na swali hilo. Acheke. Tunamwambia mgonjwa atembee nusu saa kila siku na tunamchagulia mpaka aina ya kiatu.

Wazee wanaocheza bao au drafti kijiweni wana bahati moja. Kete zikiisha, mchezo umeisha. Mtu anasimama, anakung'uta suruali, anaondoka. Ulimwengu wa mtandaoni hauishi. Unaendelea ukiwa umelala, na watengenezaji wengi wanahakikisha unajua kwamba unaendelea bila wewe. Mtu asiye na muda anatakiwa atafute gemu lenye mahali pa kusimama, na lisilomwadhibu kwa kutokuwepo.

Hilo la pili watengenezaji wenyewe wanalijua vizuri. Gemu maarufu la World of Warcraft, lililotoka Novemba 2004, lilipokuwa kwenye majaribio liliwakata pointi wachezaji waliokaa muda mrefu. Watu wakalalamika. Mfumo ukageuzwa jina na sura: aliyepumzika ndiye anayepewa pointi za ziada anaporudi. Hesabu karibu ni ile ile, hisia tofauti kabisa. Ukiwa nje siku mbili tatu, unakuta zawadi inakusubiri. Lakini gemu hilo hilo, miaka yake ya mwanzo, mapambano makubwa yalihitaji watu 40 kwa wakati mmoja. Mtu mwenye mtoto wa miaka minne atawapata wapi watu 40, na atawaaga vipi mtoto akilia?

Upande wa pili kuna magemu ya aina ya Genshin Impact, lililotoka 2020. Ni zuri kwa macho, na unaweza kulicheza peke yako, lakini kila siku linakupangia kazi nne ndogo zenye zawadi, na usipozifanya zawadi za siku hiyo zimepita. Zaidi ya hapo wahusika wapya hupatikana kwa bahati nasibu, unalipia bila kujua utapata nini. Mwaka 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilitamka kuwa visanduku vya namna hiyo katika baadhi ya magemu ni kamari. Mimi nakubaliana nao. Gemu likikuomba pesa ya kubahatisha, liweke kundi moja na mikeka ya mpira. Na bado sijagusa bando, ambalo magemu ya namna hii yanalimeza vibaya.

Tukajaribu Old School RuneScape, la kampuni ya Jagex ya Cambridge. Nasema tukajaribu kwa sababu sipendi kuandika dawa nisiyoijua, nikalicheza wiki mbili. Michoro yake ni ya kizamani, linaingia kwenye simu tangu 2018, na sehemu yake ni ya bure. Nilivua kamba kwenye skrini ilhali Ziwa Victoria liko mwendo mfupi tu kutoka nyumbani, na mume wangu alinicheka wiki nzima. Lakini mhusika anaendelea kuvua huku wewe unakoroga uji. Ukiliacha bila kugusa, baada ya dakika chache linakutoa lenyewe. Usipoingia wiki nzima, ngazi zako unazikuta pale pale. Mtego wake ni mmoja: ngazi ya juu kwa kila ujuzi ni 99, na ukifika 92 ndiyo kwanza uko nusu ya safari. Anayetaka kumaliza kila kitu asiliguse. Mwalimu nilimwambia wazi.

Kwa asiyejali kucheza na watu, kuna Stardew Valley, gemu la kilimo la mwaka 2016 lililotengenezwa na kijana mmoja wa Marekani, Eric Barone. Unalinunua mara moja, basi. Siku moja ndani yake ni kama dakika 14, kisha mhusika wako anakwenda kulala. Siku mbili za shamba ni chini ya nusu saa. Nalipenda kwa sababu hiyo tu, kwamba linakumbuka kulala.

Masharti niliyompa Mwalimu yalikuwa machache. Simu inawekwa chini saa 3 usiku, na inalala sebuleni. Kinachofukuza usingizi si mwanga wa skrini peke yake, ni moyo kwenda mbio, kwa hiyo mapambano ni ya wikiendi mchana. Siku za kazi avue samaki. Kahawa ya kutafuna isivuke saa 8 mchana. Dawa kila siku, hata kichwa kisipouma. Na ajiondoe kwenye kikosi kwa kuwaaga, si kwa kutoroka, maana aibu ya kutoroka ndiyo iliyomrudisha mara ya kwanza.

Hilo la mwisho lilimsumbua kuliko kuacha chumvi. Aliandika ujumbe, akaufuta, akaandika tena. Mwezi uliofuata alikuja nikampima, 136 kwa 86, na kazi ya dawa imo humo. Analala saa 4 na nusu. Nikamuuliza wenzake wa Ulaya walipokeaje.

"Walipata mtibabu mwingine ndani ya siku mbili," akasema. Akacheka, ila naona iliuma kidogo.