Kuku wakifa ghafla, usikimbilie kusema ni mdondo

Kuku wakianza kuanguka bandani, iwe Ngaramtoni, Tengeru au Usa River, jibu letu huwa moja: mdondo, au kideri kama wengine wanavyouita. Mara nyingi ni kweli. Lakini mafua ya ndege nayo huua kwa namna inayofanana sana, na kwa macho matupu hakuna awezaye kuyatofautisha, hata daktari.

Wengi mnakumbuka vifaranga 6,400 walioteketezwa kwa moto Namanga mwaka 2017, baada ya kuingizwa kutoka Kenya. Tuliambiwa ni hofu ya mafua ya ndege. Hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Januari mwaka huohuo Uganda ilitangaza virusi vya H5N8 kando ya Ziwa Victoria, kwa ndege wa porini na kwa kuku na bata wa kufugwa. Zuio ni zuio, sina ugomvi nalo. Ila majivu hayasemi kama vifaranga walikuwa na virusi.

Uganda walichukua sampuli, na vinasaba vikasomwa. Virusi vya mafua vina vipande 8 vya vinasaba, na kila vinapozaliana hufanya makosa madogo ya kunakili. Wataalamu hulinganisha makosa hayo kama shangazi anavyotazama sura ya mtoto na kujua ni wa ukoo gani. Virusi vya Uganda vilikuwa vya ukoo uleule uliokuwa ukisambaa Ulaya na Asia tangu 2016. Nigeria nako, mwaka 2006, vinasaba vilionyesha kwamba virusi viliingia nchini mara tatu tofauti. Bila vipimo hivyo ingedhaniwa ni mlipuko mmoja.

Sisi Arusha tuna milango miwili. Maziwa ya Momela, chini ya Mlima Meru, hupokea ndege wahamao kutoka kaskazini kila mwaka. Na barabara ya Namanga hupitisha vifaranga, wengine usiku. Ugonjwa ukiingia, wafugaji watalaumu ndege wa hifadhi na wengine watalaumu wafanyabiashara. Dawa ya mlango mmoja haifungi mwingine: kuwatenga kuku na ndege wa porini hakuzuii gari la magendo.

Kwa nini daktari wa binadamu anaandika haya? Kwa sababu Misri, tangu 2006, zaidi ya watu 300 waliugua H5N1, wengi wao wakiwa wamegusa kuku wa nyumbani. (Kuku mzima aliyepikwa akaiva hana neno, supu ya Jumapili iendelee.)

Kuku wengi wakifa kwa mkupuo, usiwachinje walio hoi, usiwapeleke sokoni, usitupe mizoga mtoni. Mwite ofisa mifugo wa kata achukue sampuli. Wakala wa Maabara ya Veterinari ana kituo hapahapa Arusha. Ukipata homa na kikohozi baada ya kushika kuku wagonjwa, mwambie daktari habari za hao kuku hata asipouliza, maana wengi wetu hatuulizi.

Lakini mfugaji anayeamini kwamba akitoa taarifa atateketezewa banda zima bila fidia, atanyamaza, na simlaumu. Wizara ya Mifugo na Uvuvi imweleze leo, kabla ya dharura, atalipwa nini na lini.