Kukonda Sio Ngoma: Mbeya na Iringa Waache Kupima Watu kwa Macho

Kuna MC mmoja wa kike pale Mbeya, jina kapuni, ambaye kitchen party ya maana kati ya Uyole na Mbalizi haipiti bila sauti yake. Alikuwa bonge la mtu: urefu sentimita 160, uzito kilo 79. Hospitali wakamwambia presha imeanza kupanda. Akaacha soda, akaacha zile chipsi mayai za saa saba usiku baada ya shughuli, akaanza kutembea kwa miguu kutoka Sae mpaka Mafiati kila asubuhi, hata ile baridi ya Juni inayokata masikio haikumzuia. Miezi kumi baadaye mzani ukasoma kilo 63. Presha ikatulia. Dada wa watu akavaa gauni jekundu, akapiga picha, akaposti.

Komenti sasa. "Pole mamii, unaumwa?" "Mbona umeisha hivyo?" "Huyu maisha yamempiga." Na wale wasio na aibu: "Kakanyaga miwaya." Hakuna hata mmoja aliyeuliza presha inaendeleaje. Wiki tatu hazikupita, MC akaingia DM ya muuza dawa za kunenepa.

Wanaosema kwamba ni utani tu wa mtandaoni wajaribu kuusema huo utani mbele ya mama yake.

Ukweli ni kwamba hofu hii ina mizizi. Nyanda za Juu Kusini zimezika watu wengi. Utafiti wa UKIMWI wa 2022/2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wa miaka 15 na kuendelea ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Kabla serikali haijaanza kugawa ARV bure mwaka 2004, watu waliona kwa macho yao: jirani anapungua, nguo zinampwaya, mashavu yanaingia ndani, halafu matanga. Bibi wa Kihesa au Mwanjelwa anayeshtuka akiona mtu kakonda ana sababu zake, hakuna wa kumlaumu. Ila kijana wa miaka 20, aliyezaliwa dawa zikiwa zimeshaanza kutolewa, vipi arithi hofu ya bibi halafu asirithi adabu yake?

Tena hofu yenyewe imepitwa na wakati. Anayeishi na VVU na kumeza dawa vizuri anaweza kuwa na mwili wake mzuri tu. Baadhi ya wanaotumia dawa zilizoanza kutolewa nchini mwaka 2019 wanaongezeka uzito kabisa. Na virusi vikifubazwa mpaka kipimo hakivioni, mtu hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono. Kwa hiyo yule aliyenawiri anayeitwa "msafi" kwenye komenti anaweza kuwa hajawahi kupima hata siku moja, na yule kimbaumbau anayenyooshewa kidole akawa mzima kuliko wote kijiweni. Watu wanachagua wachumba kwa kuangalia mashavu, mashavu yakijaa wanaruka kipimo. Huo ndio ubaya wa "miwaya" kuliko hata matusi yake: inawaaminisha watu kwamba jicho ni maabara.

Wajanja wameshaliona soko. Vidonge visivyo na lebo, sirapu, vikopo vilivyobandikwa picha ya mwanamke mwenye msambwanda wa kufa mtu, "matokeo siku saba au pesa inarudi". Mara nyingi kinachopatikana ndani ya bidhaa za namna hii ni dawa za hospitali zilizobadilishiwa kazi. Ipo siproheptadini, dawa ya mzio inayoongeza hamu ya kula na kumfanya mtu asinzie mchana kutwa. Ipo deksamethasoni, steroidi yenye nguvu. Hiyo ikitumika muda mrefu inavimbisha uso ukawa duara kama mwezi, inalundika mafuta tumboni huku mikono na miguu ikibaki myembamba, inapandisha sukari na presha. Kibaya zaidi, mwili unazoea na kuacha kutengeneza homoni yake, hivyo kuikatisha ghafla kunaweza kumlaza mtu hospitali. Mnunuzi hajui kameza ipi. Muuzaji naye huenda hajui, ila bei anaijua.

Na wale mastaa wa mjini wanaoshika kikopo mbele ya kamera, shepu yao imetoka kwa daktari wa upasuaji au kwenye programu ya simu, kikopo kimetoka kwa aliyelipia tangazo. Dada wa Mbeya anauza simu anunue uongo wa watu wawili kwa mpigo.

MC alinenepa, ndiyo. Uso ukajaa, tumbo likarudi, miguu ikabaki vilevile. Akaposti tena. "Sasa ndio umerudi mamii!" Moto, kopakopa, pongezi kibao. Presha nayo ikarudi, lakini hiyo haionekani kwenye picha.

Wanaume wasicheke. Iringa kuna mtangazaji mmoja wa redio, kijana wa miaka 31, kitambi kimetangulia mbele kama bampa la Scania, na kila anakopita ni "bosi", "mambo safi", "pesa imekubali". Kihesa mpaka Miyomboni ni bajaji. Kitimoto na bia kila Ijumaa, ulanzi msimu wa mvua ukifika. Walipopanda jiwe la Gangilonga na wageni kupiga picha za machweo, alikaa nusu ya njia akisingizia simu ya kazini. Huyo hajawahi kupewa pole hata moja. Angepungua kilo kumi kesho, Iringa nzima ingeanza kunong'ona.

Kama lazima watu wapimane, basi wapime panaposema kitu. Mahesabu ya BMI, kilo zikigawiwa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, yalimpa MC 30.9 zamani na 24.6 alipopungua, kutoka unene uliokithiri mpaka uzito wa kawaida. Lakini hata BMI ni kipimo cha juu juu. Aliyebuni hesabu hiyo miaka ya 1830 alikuwa Quetelet, Mbelgiji mtaalamu wa takwimu na nyota, wala hakuwa daktari, na mzani hautofautishi msuli wa mbeba mizigo wa Soweto na mafuta ya bosi. Kiuno kinasema zaidi, kwa kuwa mafuta ya tumboni ndiyo yanayoelekea kwenye sukari na moyo. Kisizidi nusu ya urefu. Kwa MC ni sentimita 80. Kwenye picha ya gauni jekundu alikuwa na 79.

Namba hiyo ipo. Fundi cherehani wa Mwanjelwa aliyemshonea aliiandika kwenye daftari lake, kama anavyoandika za wateja wote: kifua, kiuno, hipsi. MC alipokwenda kushona gauni la pili, baada ya vidonge, kiuno kilisoma 94. Fundi akamtajia zote tatu. Yeye aliuliza moja tu: "Hipsi zimeongezeka ngapi?"