Mbwa mwenye njaa si mlinzi, ni hatari kwa mtaa mzima

UVIRA – Pita Mulongwe asubuhi mapema, au shuka mpaka Kalundu. Utakuta mbwa wanne, watano, wamezunguka lundo la takataka wakigombania utumbo wa mbuzi. Watoto wanapita hapo hapo wakienda shuleni. Ukiuliza, utajibiwa: "Hao ni mbwa wa barabarani." Si kweli. Wengi wao wana wenyewe, na jioni wanarudi kulala nyumbani kwao.

Kwa nini wanatoka? Kwa sababu sisi wenyewe tunawanyima chakula, tena kwa makusudi. Tunasema: "Mbwa akishiba atalala, hatalinda." Maneno hayo nimeyasikia kwa wazee na kwa vijana, na ninayapinga wazi. Mbwa analinda kwa sababu anajua pale ni kwake na wale ni watu wake. Njaa haimfundishi kulinda, inamfundisha kutoka. Usiku mwizi anapokuja, mlinzi wako yuko kwenye takataka. Na akiwepo, mwizi atamtupia kipande cha nyama, atapita.

Wengine watasema: "Mimi ninampa." Unampa nini? Bugali ya muhogo peke yake inajaza tumbo, lakini haijengi mwili. Mchuzi uliobaki una vitunguu, na vitunguu vinaharibu damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa inavunjika kama miiba, inaweza kumkwama kooni au kumtoboa utumbo. Na unga wa mahindi ulioota ukungu, ule tunaosema "huu ni wa mbwa", una sumu inayoua ini. Kuupika hakuondoi sumu hiyo. Kisha mbwa anatapika, anaharisha, anakonda, na sisi tunasema amelogwa!

Jambo baya zaidi ni maini na mapafu mabichi yanayotupwa wakati wa kuchinja, hasa yale yenye vifuko vya maji. Ndani ya vifuko hivyo mna vijidudu vya minyoo. Mbwa akivila, minyoo inakomaa tumboni mwake, na mayai yake yanatoka na mavi. Mtoto anayemshika mbwa huyo kisha akala bila kunawa anayameza. Vifuko vile vile vinaota kwenye ini lake au mapafu yake, polepole, miaka na miaka. Mchuma janga hula na wa kwao.

Tena mbwa anayezurura anapigana na wengine, na hapo ndipo anapopata kichaa. Dalili za kichaa zikishaonekana kwa mtu, ni kifo. Aliyeumwa aoshe kidonda kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kuchanjwa, asingoje.

Najua jibu litakalokuja: "Watu wenyewe wanakosa chakula, wewe unatetea mbwa?" Ndiyo, maisha ni magumu, mimi pia ninayaishi. Lakini hakuna aliyetulazimisha kufuga. Asiyeweza kulisha mbwa watatu afuge mmoja, na asiyeweza mmoja aache. Na kumlisha vizuri hakuhitaji chakula cha dukani. Bugali au wali, pamoja na ndagala waliochemshwa bila chumvi wala vitunguu, au matumbo yaliyoiva vizuri, mara mbili kwa siku. Mtoto wa mbwa apewe kidogo kidogo mara tatu au nne. Maji safi yawepo daima. Ukibadilisha chakula, badilisha taratibu kwa muda wa wiki moja, ili asiharishe. Akiharisha damu, usimpe dawa za watu, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Na kila mwaka achanjwe kichaa.

Kwa wanaochinja: chimbeni shimo refu, fukieni maini mabovu, msiwatupie mbwa. Kwa viongozi wa mitaa: msingoje mtoto aumwe ndipo muitishe mkutano. Na kwa wewe mwenye mbwa: leo jioni, kabla hujafunga mlango, angalia bakuli lake. Likiwa tupu, kesho usiseme mbwa aliyemuuma mtoto wa jirani ni wa barabarani. Ni wako.