Chandarua cha Pili Atatoa Nani?

Ndugu Mhariri,

Mwaka 2006 mwandishi wa michezo wa Marekani, Rick Reilly, aliwaomba wasomaji wake kila mmoja atoe dola 10 za chandarua kimoja cha kuzuia malaria Afrika. Wapenzi wa michezo wakachanga, kampeni ya Nothing But Nets ikaanza. Nawapongeza. Lakini chandarua chenye dawa hutarajiwa kudumu kama miaka 3, na kwenye kitanda cha kamba huchanika mapema zaidi. Darasani kwangu wapo watoto wanaolalia matundu matupu (mbu hawapigi hodi!). Je, wachangaji wakishachoka, cha pili atatoa nani? Fedha za kukibadilisha zitengwe tangu siku ya kwanza ya mchango.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kilosa.