Usiniambie pesa si furaha kabla sijaona mkoba wako



Nilipokuja Unguja kumtazama mama, nilikaa kwenye darsa la wanawake. Mzungumzaji alituasa vizuri tu mpaka alipofika kwenye pesa. Akasema mwanamke wa leo hana furaha kwa sababu anazitafuta pesa, na kwamba bibi zetu walikuwa masikini na wakifurahi. Wenzangu wakaitikia. Mimi ni fundi cherehani, jicho langu likaenda lenyewe kwenye baibui lake. Kitambaa kizito kinachoanguka vizuri, mawe yametiwa kwa mkono kutoka kiganjani mpaka kiwikoni. Laki mbili halitoki. Nikajiuliza, hivi wanaotuhubiria kwamba pesa si kitu, mbona huwa ni wale wasiopungukiwa?

Tuelewane kwanza. Ile hadithi ya utajiri wa nafsi naijua na naiamini, na matajiri wanaolala kwa vidonge nimewaona. Lakini Mtume wetu (S.A.W.) huyo huyo alikuwa akimuomba Allah amkinge na ukafiri na ufukara, viwili hivyo katika dua moja. Ufukara ungekuwa pambo la mwanamke mwema, angeomba kukingwa nao? Kutosheka ni kwa aliyepata chake akaridhika nacho. Aliyenyimwa haki yake ukamwambia atosheke, huyo umemfunga mdomo tu.

Mimi naishi Makwale, wilaya ya Kyela, kule Ziwa Nyasa linapoishia upande wa kaskazini. Mwaka wa tisa huu tangu nimfuate mume kwenye biashara ya mchele. Wengi wenu Kyela mnaijua kwa huo mchele, lakini kule kuna na kakao. Kakao ya Tanzania kwa sehemu kubwa inatoka Kyela na jirani zetu wa Rungwe. Mwaka 2024 mavuno yalipoharibika Ivory Coast na Ghana, bei ya dunia ilipanda ambavyo haijawahi. Tani moja ikapita dola 10,000, na mwezi wa Disemba ikapita 12,000. Kwetu pesa ikaingia. Pikipiki mpya, bati mpya, na mimi cherehani halikulala.

Kwa hiyo swali la pesa na furaha sikulisoma kitabuni, lilikuja dukani kwangu likiwa na kitenge mkononi.

Kazi ya kakao ni hivi. Matunda yanachumwa, yanapasuliwa, mbegu zinatolewa na utelezi wake, zinafunikwa na majani ya mgomba karibu wiki nzima zivunde, kila baada ya siku mbili zinageuzwa. Kisha zinaanikwa, na mtu azilinde na mvua, maana Kyela mvua haina adabu. Kupasua, kugeuza, kuanika na kukimbia na mkeka wingu likitanda, nenda ukaone mikono ya nani. Halafu kakao inauzwa kwa mnada kupitia ushirika, malipo yanaingia benki, kwenye akaunti ya mwenye jina. Jina la nani? Mnalijua jibu.

Msimu ule mteja wangu mmoja, mama wa watoto wanne, aliniletea kitenge na mumewe nyuma yake. Nikapima, nikasema mshono elfu ishirini na tano. Mume akaenda kuangalia pikipiki yake nje. Mama akaniinamia sikioni: "Dada fundi, niandikie elfu arobaini."

Nilimwelewa bila kuuliza. Elfu kumi na tano ile ilikuwa ya madaftari na viatu vya skuli, kwani mume alishatamka kwamba pesa ya kakao ina mipango yake. Nikamwandikia. Akasema "ndaga", ndiyo asante yao, na macho yake hayakunitazama. Baada yake wakaja wengine. Ukifungua daftari langu la mwaka ule utadhani mimi ndiye fundi ghali kuliko wote wilayani.

Sijisifu kwa hilo. Karatasi ya uongo ni karatasi ya uongo, na nimemuomba Allah msamaha. Najua Hind bint Utba alimshitakia Mtume (S.A.W.) kwamba mumewe Abu Sufyan ni bahili, naye akamruhusu achukue katika mali ya mume kiasi kinachomtosha yeye na wanawe, kwa wema. Kuchukua aliruhusiwa. Kumfanya fundi aandike uongo hakumo humo. Lakini kabla hamjaniandikia kunisuta, nijibuni. Mwanamke aliyegeuza kakao kwa mikono yake, anaiba nini hasa akijichukulia elfu kumi na tano ya viatu vya mtoto?

Nyumba ile ilikuwa na pesa kuliko wakati wowote, na mama wa nyumba alikuwa mnyonge kuliko alipokuwa anauza ndizi zake barabarani, maana za ndizi zilikuwa zake. Ndiyo maana nasema mjadala wetu tunauanzia pabaya. Tunabishana pesa ni nyingi au chache, inaleta furaha au haileti. Tuulize iko mkononi mwa nani.

Hata wasomi wa Marekani wanaubishania wingi tu. Mwaka 2010 Daniel Kahneman na Angus Deaton, wote wawili wana Nobel ya uchumi, walisema furaha ya kila siku huacha kupanda kipato kikifika dola 75,000 kwa mwaka. Mwaka 2023 Kahneman akakaa na mwenzake aliyempinga, Matthew Killingsworth, wakakubaliana kwamba kwa watu wengi inazidi kupanda. Dola 75,000! Mimi nikipata oda ya sare za darasa moja nalala usingizi wa kitoto.

Wanyakyusa, wenyeji wetu, wana neno tamu, ukwangala. Ni kukaa na wenzio, kula pamoja, kuzungumza na kucheka. Wataniambia unaona, furaha ni watu, si pesa. Naam, ni watu. Lakini nimewaona wanawake wakikwepa hayo mazungumzo kwa sababu hawana kilo ya mchele ya kwenda nayo msibani. Aibu ya mikono mitupu humfungia mtu ndani akiwa na majirani mia.

Na lile la kwamba mwanamke akishika pesa anapanda kichwa, jamani, mbele ya Bi Khadija (R.A.) nani atalisema? Mtume aliongoza biashara yake kabla hajamuoa, na mali yake ikaihami dini ilipokuwa changa. Suratun Nisaa, aya ya 32, imempa mwanamke fungu katika alichokichuma kama ilivyompa mwanamme. Na Zaynab bint Jahsh (R.A.), huyu fundi mwenzangu nampenda sana, alikuwa akidabighi ngozi na kuzishona, akitoa sadaka. Mtume alipowaambia wakeze kwamba wa kwanza kumfuata ni mwenye mkono mrefu kuliko wote, walipimana mikono. Akatangulia Zaynab, aliyekuwa mfupi wa kimo. Mkono wake ulikuwa mrefu kwa kutoa. Na alikitoa alichokichuma mwenyewe.

Msitegemee mahakama ije iwaokoe baadaye. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango wa mke katika mali ya ndoa. Kesi hiyo tunaitaja kwa vigelegele. Tunachosahau ni kwamba Bi Hawa mwenyewe alitoka bila kitu, kwa vile mahakama iliona alishapewa na mumewe pesa za kufanyia biashara akazimaliza. Basi na sisi tukipata tuziangalie, tuandike, tusizimalize kwenye sare za harusi. (Najua nakata riziki yangu hapa.)

Bei ya kakao ilishuka mwaka 2025, na nyumba nyingi zimerudi kwenye hesabu ya kibaba. Mimi bei za uongo nimeacha kuandika. Yule mama wa watoto wanne nilimwambia hivyo uso kwa uso, akanuna wiki mbili. Kisha nikamwita, nikamfundisha kutia vifungo na kukunja pindo. Sasa anakuja kila Jumamosi. Juzi alichukua zake elfu nane, akazifunga kwenye ncha ya kanga, akaelekea sokoni Ipinda. Hakuniambia anakwenda kununua nini, wala sikumuuliza.